Hofu ya Anayefuatwa

Tangu waachane, mwanamume yule hakumpiga hata kofi moja. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililowafanya watu wote wa karibu waamue kwamba mwanamke hana kesi. Kwa karibu mwaka mzima hakumgusa. Alikuja tu, akasimama ng'ambo ya barabara mbele ya kibanda cha vitenge cha mwanamke pale Bwera, magharibi mwa Uganda, akanywa chai, akalipa, akaondoka. Mwaka ulipokwisha, mwanamke alikuwa amepoteza mtaji, usingizi, kanisa lake na marafiki zake, na gauni aliloshonesha Krismasi iliyotangulia lilikuwa linamning'inia mwilini.

Simpi jina. Nikimwita Masika nitakuwa nimewaita mabinti wa kwanza wa Wakonzo wote. Nikimwita Biira nitakuwa nimewaita wa pili wote. Kisa chenyewe nimekishona kwa mambo yanayowapata wengi, ili asitambulike hata mmoja. Lakini sheria, takwimu na misiba nitakayoitaja mbele ni ya kweli na ina tarehe zake.

Walikuwa wameishi pamoja mjini Kasese, wakazaa watoto wawili. Mwanamume alianza kwa kuendesha bodaboda, akaja kumiliki pikipiki mbili na kuajiri kijana. Si mlevi. Anasalimia wazee, anachangia misiba, na mpaka leo wapo wanaomheshimu. Ndani ya nyumba alikuwa mtu wa kuhesabu: umetoka saa ngapi, umerudi na nani, mbona pesa za leo hazilingani na muda uliokaa sokoni. Mwanamke alipochoka alifunga mizigo, akawachukua watoto, akapanda taksi ya kwenda Bwera kwa mama yake mdogo. Barabara hiyo hutoka Kasese milima ya Rwenzori ikiwa mkono wa kulia, hupita Kikorongo pembeni mwa mbuga ya Queen Elizabeth, halafu hugeuka kuelekea mpaka wa Kongo. Alidhani mbuga na vilima vitatosha kumtenga naye.

Bwera na Mpondwe ni mahali pa watu wengi. Wafanyabiashara huvuka kutoka Kasindi, upande wa Kongo, na kurudi, wakibeba vitenge, samaki, maharage, unga wa muhogo, kahawa. Wa huku na wa kule wanaelewana kwa lugha ile ile ya nyumbani, na pale inapokwama Kiswahili kinawavusha. Mgeni angesema ni mahali pazuri pa kujificha. Mwenyeji anajua kwamba hakuna anayejificha kwenye mji wa mpakani wenye steji za bodaboda kila kona. Vijana wa steji wanajua nani ameshuka taksi ipi, amebebwa na nani, ameachwa kwenye lango gani. Mwanamume aliyekuwa mwenzao kwa miaka mingi hakuhitaji kufanya upelelezi wowote. Alipiga simu mbili. Akauliza kwa upole, kama baba anayewatafuta watoto wake. Wiki ya pili alikuwa amekaa kwenye benchi la muuza chai, anamtazama.

Mara ya kwanza mwanamke alimfuata, akamwuliza anataka nini. Mwanamume akajibu kwamba anakunywa chai.

Kisha simu zikaanza. Usiku mmoja mwanamke aliamka akakuta simu arobaini ambazo hakuzipokea. Akabadilisha laini. Namba mpya ikajulikana kabla ya mwezi kwisha, kwa sababu muuza vitenge hawezi kufanya kazi bila namba yake kuwa kwa wateja na kwa wakala wa pesa za simu. Akaanza kutumiwa shilingi elfu moja moja, kila moja ikija na ujumbe mfupi: kitenge cha bluu kinakupendeza, umefunga mapema leo, mtoto anakohoa. Hakuna tusi hata moja ndani yake. Mtu mwingine akiusoma ujumbe kama huo anaona mume mwenye huruma. Yeye anasoma kwamba jana alionwa akifunga kibanda, na kwamba kuna mtu aliyesimama karibu na dirisha kiasi cha kusikia kikohozi.

Watu wengi huuona upigaji, hawayaoni mambo haya. Mwanamume wa namna hii hana haja ya kutamka kitisho. Miaka waliyoishi pamoja imempa lugha ambayo ni wao wawili tu wanaoielewa. Anajua ni neno gani alilitumia usiku ule alipovunja mlango wa kabati. Akilitumia tena kwenye ujumbe wa simu, polisi atasoma salamu, na mwanamke atasikia mlango unavunjika. Ndiyo sababu anayefuatwa na mtu waliyewahi kulala kitanda kimoja huumia kuliko anayefuatwa na mgeni. Mgeni lazima ajifunze njia zako, lakini huyu anazijua zote: saa unayochota maji, dada unayemkimbilia ukiwa na shida, wimbo unaoupenda, siri uliyomweleza usiku mkiwa na amani.

Tazama sasa hofu hiyo ilivyomfanya.

Ilianza kwenye usingizi. Alikagua komeo la mlango mara moja, halafu mara tatu, halafu akawa anainuka kila saa. Baadaye akahamia kwenye kiti, akaegemea ukuta unaotazama mlango, na alfajiri ikamkuta hapo. Mchana masikio yake yalifanya kazi isiyokwisha. Pikipiki ya mwanamume ilikuwa Bajaj Boxer, na Bwera nzima inaendesha Bajaj Boxer. Kila injini iliyopunguza mwendo karibu na kibanda ilimkausha mate. Akaanza kukosea hesabu. Alimrudishia mteja chenji iliyozidi, akasahau bei aliyonunulia mzigo Kasindi, akamkatia mtu kitambaa kisichotosha. Mfanyabiashara aliyekuwa na madaftari mazima ya madeni kichwani akawa hakumbuki kama amekula.

Watu wakasema amelegea. Wengine wakasema amerogwa. Lakini mwili ulikuwa unafanya kazi yake ya kawaida. Hatari ikija, moyo hukimbia, homoni za adrenalini na kotisoli humiminika, damu hukimbilia misuli, tumbo huacha kusaga chakula, na macho hayatafuti kitu kingine ila ile hatari. Mpango huo umewekwa kwa ajili ya dakika chache: chui anapita au unamkimbia, kisha unakaa chini unapumua. Haukuwekwa kwa ajili ya miezi. Anayefuatwa hana dakika ya kukaa chini, kwa sababu hajui hatari imepita au imekaa kwenye benchi la chai. Akili iliyoajiriwa ulinzi usiku na mchana haina nafasi ya kukumbuka bei ya vitenge. Tumbo lililofungwa kila siku halipokei ugali.

Na siku mwanamume alizokosekana zilikuwa mbaya kuliko siku alizoonekana. Akiwa kwenye benchi, mwanamke alijua yuko wapi. Akitoweka wiki mbili, kila mlango, kila kichaka cha kahawa, kila taksi iliyosimama ilikuwa na yeye ndani. Mpaka siku moja mwanamke akamwambia muuza samaki wa jirani neno ambalo lingepaswa kumshtua kila aliyelisikia: afadhali nirudi kwake, angalau nitakuwa najua yuko wapi. Wanawake wangapi wamerudi kwa wazo hilohilo, sisi tukasema kumbe walikuwa wanapendana?

Madaktari wa akili wawili wa Australia, Michele Pathé na Paul Mullen, walichapisha mwaka 1997 utafiti juu ya watu 100 waliowahi kufuatwa. Wote isipokuwa sita walikuwa wamebadilisha maisha yao kwa kiasi kikubwa. Watu 53 walibadilisha kazi au kuiacha, 39 walihama nyumba. Wasiwasi ulikuwa umewazidi 83. Watu 55 walisumbuliwa na kumbukumbu zinazorudi zenyewe bila kuitwa. Na 24 walikiri kwamba walikuwa wamewaza kujiua. Nikisoma hesabu hizo namwona muuza vitenge wetu kwenye kila mstari, ingawa yeye hajawahi kufika Australia wala kuingia kwenye chumba cha daktari wa akili. Alikuwa amehama Kasese. Alikuwa anaelekea kufunga biashara. Na siku moja kwenye daraja la mto Lhubiriha alisimama akiyatazama maji kwa muda mrefu kuliko inavyofaa, mpaka mpitanjia mmoja akamwuliza, mama, umeangusha kitu?

Watoto nao walilipa. Yule mkubwa, wa miaka tisa, alijifunza kufungua dirisha kidogo na kuchungulia kabla mama hajatoka. Hakufundishwa na mtu. Baba alikuwa akimsubiri karibu na shule, akimnunulia soda, akimwuliza: mama anarudi saa ngapi, nani anamsindikiza? Mtoto alijibu, kwa sababu aliyemwuliza ni baba yake. Alipokuja kuelewa majibu yake yalikuwa yanapelekwa wapi, akaacha kabisa kuzungumza mezani. Mama akadhani ni utundu, akamgombeza. Hili linaniuma kuliko mengine katika kisa chote.

Kanisani hakudumu. Alikuwa mwimbaji wa kwaya, sauti ya pili. Jumapili moja mwanamume aliingia, akaketi safu ya tatu, akatoa sadaka nono, na mchungaji akamkaribisha mgeni kutoka Kasese. Jumapili iliyofuata mwanamke alibaki nyumbani. Wenzake wa kwaya wakasema amepoa kiroho. Hivyo ndivyo upweke unavyojengwa, tofali moja baada ya jingine, na aliyelengwa ndiye anayeonekana kana kwamba anajitenga mwenyewe.

Mama mdogo hatimaye aliitisha kikao cha wazee wa ukoo. Wazee hao hawakuwa watu wabaya. Walikuja kwa nia ya kusuluhisha, na waliuliza maswali ambayo mababu zao wangeuliza.

"Mwanangu, amekupiga?"

"Hapana, baba."

"Amekutukana mbele za watu?"

"Hapana."

"Amevunja kitu chako?"

"Hapana."

"Sasa tumwambie amekosa nini? Kwamba anakunywa chai?"

Mmoja akaongeza, kwa upole kabisa, kwamba mwanamume anayetumia nauli kutoka Kasese kila wiki ni mwanamume ambaye bado anapenda. Mwingine akakumbusha mbuzi wa mahari. Kikao kikaisha kwa ushauri kwamba wakutane wawili mahali tulivu, wamalize maneno yao.

Ushauri huo wa mwisho ndio wa hatari kuliko yote. Mkutano wa kumaliza maneno ndio anaoutafuta mtu wa namna hii tangu siku ya kwanza. Kwake hauwezi kumaliza chochote, maana ukimalizika kwa hapana, anaona ametukanwa. Ukimalizika kwa labda, anaona amelipwa. Wengi wameingia kwenye mikutano hiyo wakiwa hai na hawakutoka.

Na mahari? Shirika la MIFUMI la Tororo lilipeleka shauri hilo mpaka Mahakama ya Juu ya Uganda, na tarehe 6 Agosti 2015 majaji wakatamka kwamba kumdai mwanamke au familia yake warudishe mahari ndoa inapovunjika ni kinyume cha katiba. Mahari yenyewe haikufutwa. Kilichofutwa ni ile kamba ambayo mtu alidhani bado ameishika. Mzee anayetaja mbuzi kwenye kikao cha namna hii anamrudishia mwanamume kamba ambayo mahakama ilikwisha kuikata.

Kuhusu swali la amekosa nini, jibu lipo tangu mwaka 2010. Sheria ya Uganda dhidi ya ukatili wa majumbani, ya mwaka huo, inahesabu kuwa unyanyasaji kitendo cha kumtazama mtu mara kwa mara, au kurandaranda karibu na mahali anapoishi, anapofanya kazi, anapofanyia biashara au anaposoma. Inahesabu simu zinazopigwa mara kwa mara, awe amepokea na kuzungumza au hakupokea. Inahesabu barua, vifurushi na ujumbe wa kielektroniki unaotumwa bila kukoma. Inahesabu kumfuata mtu na kumsimamisha njiani. Na haiwahusu walio kwenye ndoa peke yao; inawahusu pia waliokuwa kwenye ndoa na wakaachana. Kwa hiyo benchi la chai limo ndani ya sheria, na simu arobaini za usiku mmoja zimo. Akitumia simu au mtandao mara kwa mara kumsumbua mtu na kumtishia, ipo sheria ya mwaka 2011 ya matumizi mabaya ya kompyuta, yenye adhabu ya kifungo kisichozidi miaka mitano, au faini, au vyote viwili.

Wazee wale hawakuwa wamesikia habari hizo. Hapo lawama nyingi nazielekeza kwetu tunaoandika na kwa wanaotunga sheria kwa Kiingereza halafu wakaziacha Kampala.

Lakini kuna jambo ambalo wazee walikuwa nalo na hawakulitumia. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF walivuka mpaka wakaishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, hapo hapo Mpondwe. Watu zaidi ya 40 waliuawa, wengi wao wanafunzi, na bweni likachomwa moto. Miezi mingi baada ya usiku ule, watu wa Bwera hawakulala. Mlango ukigongwa, watu walishtuka. Mtoto aliyelia usiku alichukuliwa na kukumbatiwa. Hakuna mzee aliyemwambia mama wa Mpondwe kwamba anajitungia hofu, wala aliyemwuliza kama waasi wamempiga yeye binafsi. Kila mtu alielewa kwamba aliyeponea chupuchupu anabaki na usiku ule mwilini mwake. Elimu hiyo ya majeraha ya moyo ipo Bwera, na imelipiwa kwa gharama kubwa. Kwa nini hofu ikiletwa na kundi lenye silaha tunaiamini, na ikiletwa na mwanamume mmoja tunayemfahamu tunaiita vituko vya wanawake?

Nimesema wengi hawakutoka kwenye mikutano ile. Wapo pia waliouawa bila mkutano wowote, kama Rebecca Cheptegei.

Alikuwa mwana wa Bukwo, mashariki ya Uganda, mwanajeshi wa jeshi la Uganda, UPDF, bingwa wa dunia wa mbio za milimani mwaka 2022 kule Chiang Mai, Thailand. Tarehe 11 Agosti 2024 alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Paris, akawa wa 44. Alikuwa amejenga nyumba Endebess, kaunti ya Trans Nzoia nchini Kenya, karibu na mahali pa mazoezi. Mwanamume aliyekuwa na uhusiano naye alikuwa amekwisha kuachwa, na walikuwa wanagombea kiwanja na nyumba ile. Familia ilisema ilikuwa imetoa taarifa polisi. Jumapili ya tarehe 1 Septemba, alipotoka kanisani na binti zake wawili, mwanamume huyo alimmwagia petroli na kumwasha moto. Alifariki tarehe 5 Septemba katika hospitali ya rufaa ya Moi, Eldoret. Siku nne baadaye mwanamume naye akafa kwa majeraha ya moto ule ule. Rebecca alizikwa Bukwo tarehe 14 Septemba kwa heshima za kijeshi. Alikuwa na miaka 33.

Karibu miaka mitatu kabla yake, Oktoba 2021, mwanariadha wa Kenya Agnes Tirop alikutwa ameuawa nyumbani kwake Iten, mwezi mmoja tu baada ya kuvunja rekodi ya dunia ya kilomita kumi ya mbio za wanawake peke yao, mumewe akashtakiwa. Wanariadha wenzake wakaanzisha Tirop's Angels ili wanawake wapate pa kukimbilia.

Sheria ya Kenya ya mwaka 2015 ya kuwakinga watu dhidi ya ukatili wa majumbani inataja waziwazi kitendo cha kumfuatafuata mtu kuwa ni ukatili. Kwa hiyo Rebecca alikuwa na sheria pande zote mbili za mpaka. Alikuwa na umaarufu, cheo, na miguu iliyoweza kumkimbia mwanamume yeyote Endebess. Alichokosa ni watu waliosimama kati yake na mtu aliyekuwa anamvizia, siku ambayo kuvizia kulikuwa bado ni kuvizia.

Mwaka 1999 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Judith McFarlane walichunguza wanawake 141 waliouawa na waume au wapenzi wao, wa sasa au wa zamani. Asilimia 76 walikuwa wamefuatwafuatwa katika mwaka wa mwisho wa maisha yao. Mzee anaposema "hajampiga bado," aangalie neno lile la mwisho alilolitamka.

Turudi Bwera. Aliyemsaidia muuza vitenge si mchungaji, si mwenyekiti, si ndugu. Ni muuza samaki wa jirani, mama wa makamo aliyeishia darasa la sita. Aliposikia lile neno la afadhali nirudi, hakumpa mawaidha. Alinunua daftari la mtoto la kurasa 48. Akawa anaandika yeye mwenyewe, kwa sababu mwenzake hakuweza tena kushika tarehe kichwani: Jumanne, saa nne asubuhi, amekaa benchi la chai mpaka saa saba. Ijumaa, shilingi 1,000, ujumbe unasema hivi. Jumatatu, amemwuliza mtoto maswali karibu na shule. Aliandika na majina ya waliokuwepo. Ujumbe wa simu hawakuufuta. Walimwomba kijana wa kibanda cha simu aupige picha na kuuchapa.

Alimkataza pia kupokea simu, hata ya kutukana. Hapo mama yule alikuwa na hekima ambayo wataalamu huieleza kwa maneno marefu. Mtu akipiga mara hamsini, ukapokea ya hamsini ili umwambie akuache, umemfundisha kwamba bei ya kusikia sauti yako ni simu hamsini, na kesho atailipa bila kunung'unika. Umwambie mara moja, wazi, mbele ya shahidi, kwamba hutaki awasiliane nawe. Baada ya hapo usiseme tena. Habari za watoto zipite kwa mtu wa tatu.

Walikwenda kwa mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, wakapewa barua. Walikwenda polisi kwenye dawati la familia na watoto. Mwanamume alipoitwa alivuka kwenda Kasindi, akakaa siku kadhaa, akarudi akijua mpaka uko upande wake. Lakini daftari halivuki mpaka. Lilipofika mbele ya hakimu, lilikuwa na miezi minne ya mistari, na hakimu hakuuliza kama amempiga. Alitoa amri ya ulinzi inayomkataza asikaribie nyumba, kibanda wala shule, na akamwonya kwamba kuivunja ni kosa la jinai.

Amri ilikuwa imechelewa. Kibanda kilikuwa kimekwisha kufungwa, mtaji umeliwa na kodi na dawa za tumbo. Na baada ya amri, mwanamume alipoacha kuja, mwanamke aliendelea kulala kwenye kiti. Watu walishangaa, wakasema sasa unaogopa nini? Lakini mwili uliofundishwa kukesha mwaka mzima hauambiwi usingizi kwa karatasi ya mahakama. Hofu ya namna hii hupungua polepole, na husaidiwa na matibabu: mazungumzo na mtu aliyesomea afya ya akili, dawa pale inapobidi, na zaidi ya yote ukaribu wa watu wasiomwuliza kila siku kama bado. Yeye alianza kwa kulala nyumbani kwa muuza samaki, watoto katikati. Leo anauza samaki pamoja naye. Vitenge hajavirudia.

Kama wewe ndiwe unayefuatwa, huna wazimu, na hukumkosea mtu kwa kuondoka. Anza daftari leo. Mwambie mtu mmoja. Nchini Uganda namba 116 ya simu ya msaada ya Sauti haitozwi, na polisi wanapatikana kwa 999. Usikubali mkutano wa kumaliza maneno, hata ukiitishwa na watu unaowaheshimu.

Mzee uliyekalishwa kwenye kikao, acha kuuliza amekupiga. Uliza amekuja mara ngapi, na unalala vipi. Mchungaji, kabla ya kumkaribisha mgeni, mtazame mwimbaji wako aliyenyamaza. Na wewe kijana wa steji, iwe Kasese mjini, Kikorongo au Mpondwe, mwenzako akikupigia kwa sauti ya upole akiuliza yule mama ameshukia wapi, usimjibu. Mpigie yule mama umwambie kuwa ameulizwa.